Bangi na Sheria Gusii: Kutoka Mumbo Hadi Kaunti

Septemba 1914, vita vya Wazungu vilipofika Gusii, maofisa wa Kiingereza waliuhama mji wa Kisii kwa haraka. Kikosi cha Wajerumani kilikuwa kimevuka mpaka wa kusini na kuuingia mji. Tarehe 12 wanajeshi wa King's African Rifles walipambana nacho, na Wajerumani wakarudi walikotoka wakiwa wameumia vibaya. Katika zile siku chache mji ulipokosa mwenyewe, wananchi walivamia ofisi za serikali, maduka ya Wahindi na vituo vya misheni, wakabeba walichoweza kubeba. Serikali iliporudi iliwatoza ng'ombe kwa wingi kama adhabu.

Haikuwa mara ya kwanza Abagusii kuwaonyesha Waingereza kwamba hawakuwaalika. Januari 1908 kijana Otenyo, akichochewa na Moraa wa Ngiti, alimchoma mkuki mtawala wa wilaya, Northcote, na nchi ya Kitutu ikachomwa moto kwa kulipiza kisasi. Lakini safari hii watawala walitaka kujua ni nini hasa kinachowapa watu ujasiri. Katika maelezo waliyokusanya lilijitokeza jina la Mumbo.

Dini ya Mumbo ilianzia Alego, upande wa Waluo. Mwaka 1913 Onyango Dunde alisema alimezwa na nyoka mkubwa wa Ziwa Victoria, kisha akatapikwa akiwa na ujumbe. Dini ya Wazungu imeoza, alisema, na Wazungu wenyewe wataondoka. Watu waache kulima, wachinje mifugo yao, wavae ngozi, wafuge nywele, na Mumbo, yule nyoka, atawapa chakula. Ujumbe huo ulipopanda milima ya Gusii ulikutana na kumbukumbu za Sakawa, mtabiri wa Kitutu aliyekuwa amebashiri ujio wa watu weupe, na vitu hivyo viwili vikashikana. Waliokuwa wamenyang'anywa ng'ombe, waliolazimishwa kulipa kodi ya nyumba, waliochukuliwa kubebea jeshi mizigo, walikuwa na sababu za kutosha za kusikiliza.

Na bangi? Taarifa za utawala zinaitaja bega kwa bega na nywele ndefu na ukaidi wa kutolima: wafuasi wa Mumbo, ziliandika, ni wavuta bangi. Hapo ndipo ninapotaka historia hii ianzie. Januari mwaka huo huo wa 1914 ndipo ilipoanza kutumika sheria ya 1913 ya kuzuia matumizi mabaya ya afyuni katika Himaya ya Afrika Mashariki ya Kiingereza, na bangi ilikuwa ndani yake. Kwa hiyo Gusii ilipokea kwa wakati mmoja sheria ya bangi na dini ambayo wenye sheria waliiona kuwa ya wavuta bangi. Tangu mwanzo mvutaji alitazamwa kama mtu anayepaswa kudhibitiwa. Viongozi wa Mumbo walikamatwa, wengine wakahamishiwa Lamu, mbali na watu wao, na mwaka 1954, wakati wa hali ya hatari, Mumbo ikawekwa kwenye orodha ya madhehebu yaliyopigwa marufuku. Serikali ilipoitazama bangi, ilikuwa inamtafuta mwasi.

Haya yangekuwa mambo ya kale tu kama utaratibu ungebadilika. Haukubadilika. Mwaka 1925, kwenye mkutano wa kimataifa wa afyuni mjini Geneva, ni mjumbe wa Misri, Mohamed El Guindy, aliyesimama kudai bangi nayo iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa, na hoja yake ikapita. Makoloni yalifungwa na mkataba uliotokana na mkutano huo bila kuulizwa. Kenya huru ikaingia kwenye Mkataba wa 1961 wa dawa za kulevya, na marufuku ya mkoloni ikaendelea kuishi chini ya bendera mpya.

Gusii kwenyewe, makanisa yaliishikilia marufuku hiyo kwa moyo kuliko serikali. Wakatoliki wa Nyabururu na Waadventista wa Nyanchwa walikuwa wameingia kabla tu ya vita vile. Waadventista hasa walitaka waumini waache pombe na tumbaku kabisa, na hadi leo ukipita vijiji vya Nyaribari au Mugirango Magharibi siku ya Sabato utaona jinsi mafundisho hayo yalivyoota mizizi. Nasema hivi kwa heshima: familia nyingi ziliokolewa na nidhamu hiyo. Lakini ilizaa pia tabia ya kuona kilevi kama dhambi peke yake, na dhambi haipelekwi zahanati.

Nje ya makanisa hayo pombe ilikuwa na mahali pake. Robert na Barbara LeVine, walioishi katika jamii moja ya Gusii kati ya 1955 na 1957 na kuandika kitabu kiitwacho Nyansongo, waliwakuta wazee wakinywa pombe ya wimbi kutoka chungu kimoja kwa mirija mirefu, kila mtu na mrija wake. Pombe hiyo ilikuwa ya matanga, ya mahari, ya kazi ya pamoja shambani. Nguvu yake ilikuwa ndogo na wanywaji walijulikana. Kilichokuja kuibadilisha ni unereshaji. Wanubi, wazao wa askari wa KAR kutoka Sudan, walikuwa na ujuzi wa kunereka pombe kali, na walikaa Kibera, Kisumu na Kisii pia, ambako mtaa wa Nubia upo hadi leo. Ujuzi ule ulisambaa vijijini, na ndio tunaouita chang'aa.

Anayetaka kuelewa suala la kuhalalisha bangi katika kaunti za Kisii na Nyamira, yaani Gusii ya leo, aanze na pipa la chang'aa. Kilevi kimoja kimekwisha kuhalalishwa mbele ya macho yetu, na matokeo yake tunaishi nayo.

Pipa lenyewe huwekwa karibu na maji, bondeni, kando ya vijito vinavyomwagikia mto Gucha. Sukari nguru kutoka vinu vya Mugirango Kusini na Transmara huvunjwavunjwa na kuloweshwa pamoja na kimea cha wimbi. Baada ya siku kadhaa kangara, yaani mchanganyiko huo, huanza kuchemka yenyewe, mapovu juu, harufu chachu. Ndipo moto huwashwa chini. Ndani ya pipa huning'inizwa chombo kidogo, na juu hukaa sufuria la maji baridi lililozibwa pembeni kwa udongo mvuke usitoke. Mvuke ukigusa kitako cha sufuria hugeuka matone na kudondokea kwenye chombo. Maji ya juu yakipata moto, mpishi huyamwaga na kuweka mengine. Pombe ya kwanza ndiyo kali. Mpishi huimwaga kidogo kwenye kifuniko, akaiwasha kiberiti, na ikishika mwali wa samawati anajua imekubali. Hana kipimo kingine. Mpishi huyo, mama pima kama anavyoitwa, huenda ni mjane mwenye watoto sekondari, na Gusii imejaa watu wazima, walimu na wahasibu miongoni mwao, waliolipiwa karo na pipa.

Mwaka 1980 Bunge lilipitisha Sheria ya Kupiga Marufuku Chang'aa. Pipa halikuondoka; lilisogea tu ndani zaidi ya migomba. Kwa miaka thelathini chifu na askari wake walishuka mabondeni, wakapindua mapipa, wakarudi juu. Mpishi aliyekuwa na kitu cha kutoa aliachwa. Na kwa kuwa biashara ilikuwa gizani, tamaa ikaingia: wafanyabiashara, hasa mijini, walianza kuongeza methanoli, pombe ya viwandani, ili kinywaji kiwe kikali kwa bei ndogo. Methanoli ikifika ini hugeuka kuwa sumu inayoua mishipa ya macho kwanza, kisha mtu mwenyewe. Novemba 2000, katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kunywa pombe haramu iitwayo kumi kumi. Mwaka 2005 Machakos ikazika makumi yake. Waliobaki hai, baadhi yao hawakuona tena.

Vifo hivyo ndivyo vilivyoleta Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo Wakenya wote wanaijua kwa jina la mbunge wa Naivasha wakati huo, John Mututho. Sheria hiyo ilifuta marufuku ya chang'aa. Hoja ilikuwa ya afya, na ilikuwa nzuri: tuitoe gizani, tuitie kwenye chupa ya kioo, tuipime, tuizuie isiuzwe kwa walio chini ya miaka 18 wala karibu na shule. Baa zikapewa saa za kufungua: siku za kazi, kuanzia saa kumi na moja jioni.

Lakini tazama aliyeachwa nje. Ili chang'aa iwe halali ilitakiwa itimize viwango vya ubora vya taifa, itengenezwe mahali palipokaguliwa na iwekewe lebo. Mpishi wa bondeni Gucha angepata wapi mtambo wa chupa? Hakuna aliyemletea kipimo cha bei nafuu, wala mafunzo, wala chama cha ushirika ambacho kingekusanya pombe ya wapishi mia na kuipima mahali pamoja, kama viwanda vya majani chai vinavyokusanya chai ya wakulima wadogo wa Nyamira. Kwa hiyo chang'aa ikawa halali Nairobi kwenye karatasi na haramu kijijini kwenye pipa. Askari waliendelea kushuka, mapipa yakaendelea kupinduliwa. Methanoli nayo haikukoma. Mei 2014 iliua tena katika kaunti kadhaa, hasa za kati na mashariki. Februari 2024 watu 17 wakafa Kirinyaga, na serikali yenyewe ikaeleza kwamba pombe iliyowaua ilitoka kwenye vielelezo vilivyokuwa vimehifadhiwa kituo cha polisi.

Sasa tuirudie bangi.

Sheria ya Dawa za Kulevya ya 1994 ilikuwa kali kupita kiasi. Aliyekutwa na bangi, hata akiiridhisha mahakama kwamba ni ya matumizi yake mwenyewe, alikabiliwa na kifungo cha miaka 10, aliyeshindwa kuthibitisha hivyo, miaka 20, mlanguzi, maisha. Mahakimu wengi hawakutoa adhabu kubwa kiasi hicho kwa msokoto mmoja, lakini panga lilikuwa limening'inia. Na Gusii iko njiani. Bangi ya Tarime, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, huvuka Isebania, hupanda kupitia Migori na kufika mji wa Kisii, ambako barabara za Kisumu, Kilgoris na Keroka hukutana. Magunia makubwa hupita usiku kwenye magari kuelekea Nairobi. Kinachobaki hugawanywa kuwa misokoto na kuuzwa kwenye vijiwe vya boda boda.

Hivyo mahakama za Kisii, Ogembo, Keroka na Nyamira huwapokea hasa watu wa vijiweni. Kijana husimama kizimbani akiwa na viatu visivyo na kamba, kwa kuwa kamba huchukuliwa seli. Karani humsomea shtaka: misokoto kadhaa, thamani yake shilingi kadhaa. Bahasha ya kielelezo huwa imepelekwa kwa mkemia wa serikali, ambaye maabara yake ya eneo letu iko Kisumu, na inarudi na ripoti. Ripoti hiyo hujibu swali moja: majani haya ni bangi au si bangi? Kiasi cha THC, ile kemikali inayolevya, hakiulizwi, kwa kuwa sheria haikihitaji.

Kwa daktari, hicho ndicho cha kuuliza kwanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet Psychiatry, uliofanywa katika miji ya Ulaya na Brazil, ulionyesha kwamba wanaovuta kila siku bangi yenye THC ya kiwango cha juu wako katika hatari ya kuchanganyikiwa akili iliyo karibu mara tano ya wasiovuta kabisa. Umri wa kuanza nao una uzito: ubongo wa kijana wa miaka 15 bado unajengwa. Wengi wanaovuta hawataugua wazimu, na hili lazima lisemwe wazi, maana kuwatisha watu kwa uongo ndiko kulikofanya vijana wasiwaamini wazee hata wanaposema kweli. Lakini wale wachache watakaougua, wakiwa Gusii, wataangukia wapi?

Mara nyingi wanaangukia mikononi mwa hofu. Kijana aliyekuwa akisoma vizuri anaanza kusikia sauti, anavua nguo sokoni, anamshuku mama yake. Familia nyingi za kwetu zitatafuta mchawi kabla ya kutafuta daktari. Na tunajua hofu hiyo inaweza kufika wapi: Mei 2008, Kisii, wazee 11, wengi wao wanawake, waliuawa kwa kuchomwa moto wakishukiwa uchawi. Siwezi kudai bangi ilihusika. Ninachosema ni kwamba mahali ambapo ugonjwa wa akili hauna maelezo ya kitabibu yanayofika kijijini, kila kinachouongeza ugonjwa huo, bangi ikiwemo, kinaongeza kuni kwenye moto mwingine.

Hospitali kuu ya Kisii ilianzishwa mwaka 1916 kwa ajili ya majeruhi wa vita vile vile vilivyofika Gusii mwaka 1914. Leo ni hospitali ya rufaa na mafunzo inayohudumia eneo kubwa la kusini mwa Nyanza. Wodi zake hupokea majeruhi wa boda boda bila kukoma. Polisi wa barabarani wana alcoblow ya kupima pombe kwenye pumzi. Cha kupima bangi kando ya barabara hawana, na majeruhi anapofikishwa wodini hapimwi bangi kwa kawaida. Basi anayesema bangi ndiyo inayoua vijana wetu barabarani na anayesema haina neno, wote wawili wanakisia. Bangi huchelewesha mwitikio wa dereva, hilo linajulikana. Ni ajali ngapi kati ya Suneka na Keroka zinatokana nayo, hakuna daftari linaloonyesha.

Takwimu za kitaifa zipo. Uchunguzi wa 2022 wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, uliwahesabu Wakenya 518,807 wa miaka 15 hadi 65 wanaotumia bangi, asilimia 1.9, karibu mara mbili ya kiwango cha miaka mitano kabla. Wanywaji wa pombe walikuwa zaidi ya milioni 3. Ongezeko hilo lilitokea chini ya sheria ya vifungo vya miaka 10 na 20. Anayetetea jela kama dawa ana kazi ya kulieleza.

Wananchi na wanasiasa nao walikuwa wameanza kusema. Mwaka 2017 raia aitwaye Gwada Ogot alipeleka ombi Seneti akitaka bangi ihalalishwe. Mwaka uliofuata mbunge wa Kibra, Ken Okoth, aliandaa mswada wa kudhibiti bangi. Alikuwa akiugua saratani ya utumbo, na alifariki Julai 2019 kabla mswada haujafika popote. Mwaka 2021 Warastafari walikwenda Mahakama Kuu wakidai haki ya kuitumia katika ibada yao. Kisha ukaja uchaguzi wa 2022 na mgombea urais George Wajackoyah, aliyeahidi kulipa deni la taifa kwa mauzo ya bangi. Mikutano yake ilijaa vijana. Kura zake zilikuwa 61,969. Kilichonisikitisha katika kampeni ile ni kwamba ilizungumzia fedha mwanzo hadi mwisho. Mkulima wa Bobasi mwenye robo ekari aliambiwa atatajirika. Hakuambiwa mtoto wake akila biskuti ya bangi afanyeje. Ontario, Kanada, ambako bangi ilihalalishwa Oktoba 2018, watoto wadogo waliofikishwa hospitalini kwa kula bangi waliongezeka sana, hasa vyakula vya bangi viliporuhusiwa kuuzwa kuanzia 2020. Kanada hiyo hiyo imepunguza mno idadi ya watu wanaoshtakiwa kwa kukutwa na bangi. Mambo haya mawili ni ya kweli kwa pamoja, na kule yanajulikana kwa sababu hospitali zilihesabu.

Mwaka 2022 Bunge letu lilirekebisha sheria ya 1994. Mtumiaji sasa anakabiliwa na kifungo kisichozidi miaka 5 au faini isiyozidi shilingi 100,000. Ni afueni. Hata hivyo mahakama za Gusii bado hupokea kijana wa kijiweni mwenye misokoto, na shilingi 100,000 ni fedha ambazo familia ya shamba dogo la chai haipati ila kwa kuuza ng'ombe au kipande cha ardhi, katika eneo ambalo kaunti yake moja, Kisii, sensa ya 2019 ilikuta watu wapatao 957 kwenye kila kilomita ya mraba. Mimi ningeiondoa jela kabisa kwa anayevuta, na nisingeruhusu soko lifunguliwe mpaka THC iweze kupimwa Kisumu, na muuguzi wa akili apatikane katika kila hospitali ya kaunti ndogo. Jopo la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 magonjwa ya akili yatangazwe kuwa janga la taifa. Wataalamu wa magonjwa hayo ni wachache mno, na wengi wao wako Nairobi.

Kuna sehemu ya kazi hii isiyohitaji Bunge. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti huduma za afya, leseni za vileo na udhibiti wa dawa za kulevya. Kisii na Nyamira zinaweza kuanza mwezi ujao kuandika, katika kila wodi ya dharura, ni majeruhi na wagonjwa wa akili wangapi walikuwa wametumia bangi, chang'aa, au vyote viwili, bila jina la mgonjwa kufika polisi. Daftari la wagonjwa lipo tayari katika kila kituo cha afya, lina safu za umri, jinsia, kijiji na ugonjwa. Linahitaji safu moja zaidi.